Meli za Anasa Hufia Ugenini, za Nyasa Zitafia Kyela

Meli ya Icon of the Seas ilipozinduliwa Miami Januari 2024, mgeni rasmi alikuwa Lionel Messi. Chupa ya shampeni ikapasuka, kamera zikafanya kazi yake, na picha zikatufikia hata sisi wa Nyanda za Juu Kusini, tulio mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi. Ni chombo chenye urefu wa meta 365, kinachobeba abiria zaidi ya 7,000 kikijaa, wafanyakazi 2,350, kwa bei inayokaribia dola bilioni 2.

Miaka mitatu na nusu kabla ya sherehe hiyo, Julai 2020, meli nyingine ilifika Aliağa, pwani ya magharibi ya Uturuki. Hiyo ilikuwa Carnival Fantasy, iliyoanza kazi mwaka 1990 na kwa miaka 30 ikawa inabeba watu zaidi ya 2,000 kwa safari moja kwenda kula, kuogelea na kucheza kamari katika visiwa vya Karibi. Ikaelekezwa ufukweni kwa makusudi, omo, yaani pua ya meli, ikapanda nchi kavu, injini zikazimwa. Mgeni rasmi hakuwepo, wala jamaa za wenye kampuni. Waliokuwa wakiisubiri ni mafundi wa kukata chuma kwa gesi.

Nimekuwa nikifuatilia maisha ya vyombo hivi kwa sababu moja: nasi tuna meli zetu za Ziwa Nyasa kule Kyela, tunazizindua kwa ngoma na hotuba, na sijawahi kusikia hotuba hata moja ikigusa siku zake za mwisho. Nikitazama jinsi wenzetu wa baharini wanavyoendesha mambo, naona kwamba faida kubwa ya meli ya kitalii hutokana na uwezo wake wa kuondoka. Huondoka bandarini, huondoka kwenye bendera, huondoka mikononi mwa mwenyewe kabla gharama ya uzee haijafika. Meli ya Ziwa Nyasa haina pa kuondokea, na hapo ndipo hesabu zetu zinapaswa kuachana na zao.

Tuanze na kuzaliwa. Siku hizi meli kubwa haiteremshwi majini kwa kuserereka kama zamani. Huundwa kwa vipande vikubwa vilivyochomelewa kandokando, vikiwa tayari na mabomba na nyaya ndani, kisha hupangwa na kuunganishwa ndani ya chelezo kilichofunikwa. Kazi ikiisha, maji hufunguliwa, meli ikaelea yenyewe. Kiwanda cha meli cha Meyer kiko Papenburg, Ujerumani, mji ulio ndani kabisa ya nchi, kando ya mto Ems. Meli ikikamilika huteremshwa mtoni kinyumenyume, tezi ikitangulia, huku lango la maji likiwa limefungwa huko chini ili kina cha mto kipande. Ukiiona inapita katikati ya mashamba na ng'ombe utadhani ghorofa limehama. Mwaka 2024 kiwanda hicho hicho kilikwama kifedha, ikabidi serikali ya Ujerumani pamoja na jimbo la Lower Saxony zichukue takriban asilimia 80 ya hisa kukinusuru. Kwa hiyo hata anasa hii ya mabilionea, kitovu chake hukatiwa kwa fedha ya umma.

Fedha ya umma imo pia katika ununuzi wenyewe. Nchi zinazounda meli hudhamini mikopo ya wanunuzi, na utaratibu uliozoeleka ni mkopo wa hadi asilimia 80 ya bei, wa kulipwa kwa miaka 12. Shika huo mwaka wa 12. Kabla yake meli inafanya kazi ya benki. Baada yake inafanya kazi ya mwenyewe. Ndiyo maana haipumziki. Siku ya kubadilisha abiria, watu elfu kadhaa hushuka asubuhi, mashuka hubadilishwa, vyakula na mafuta hupakiwa, na jioni elfu kadhaa wengine wamo ndani, nanga inang'olewa. Nauli peke yake haitoshi; chombo huishi kwa vinywaji, kamari, maduka, intaneti na ziara za bandarini.

Waliozoea kuamini kwamba meli huuawa na kutu watashangaa. Chuma cha meli inayotunzwa kinaweza kudumu sana. Kinachoiua mara nyingi ni roshani. Sovereign of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean ilipotoka Saint-Nazaire, Ufaransa, na kuanza kazi Januari 1988, ndiyo ilikuwa meli kubwa ya kitalii kuliko zote duniani, ikiwa na ukumbi wa ghorofa kadhaa katikati ambao watu walikuwa hawajauona baharini. Lakini vyumba vingi vilikuwa na dirisha tu au havina dirisha kabisa. Miaka ya tisini wateja wakazoeshwa chumba chenye roshani ya kukalia na kikombe cha kahawa, na chumba cha roshani huuzwa ghali. Huwezi kutoboa roshani mia tano kwenye ubavu wa meli ya zamani bila kuijenga upya. Meli nzima, yenye injini nzima, ikawa imepitwa. Mwaka 2008 ikahamishiwa kampuni dada ya Hispania na kufupishwa jina kuwa Sovereign. Kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa ufilisi Juni 2020, na mwezi uliofuata Sovereign nayo ikawa Aliağa.

Hapa mtu wa Mwanjelwa, sokoni Mbeya, hahitaji kuelezwa sana. Meli hupita mikononi kama suti ya mtumba: huyu kaivaa mpya, yule kaivaa mara ya pili, na anayeipata mwisho haulizi fasheni, anauliza kama itasitiri. Tofauti ni kwamba suti ikichakaa kabisa inakuwa tambara la kudekia, haimuui mtu. Song of Norway ya mwaka 1970, meli ya kwanza ya Royal Caribbean, ilikatwa katikati mwaka 1978 na kuongezwa kipande cha meta 26 ili ibebe abiria wengi zaidi. Mwaka 1997 ikauzwa, ikawa Sundream, kisha ikazunguka kwa majina mengine mpaka ikaishia kukatwa China. Mara nyingi jina jipya huja na mwenye mfuko mwembamba kidogo kuliko aliyetangulia.

Halafu kuna sheria. Kanuni za kimataifa za usalama wa baharini zilipiga marufuku meli za abiria zenye vifaa vingi vya kuwaka moto kuendelea baada ya Oktoba 2010, na meli nyingi za zamani zenye kuta za mbao nzuri zikaona afadhali kufa kuliko kuvuliwa mbao hizo. Mwaka 2020 ukaja ukomo mpya wa salfa katika mafuta, na miezi miwili haikupita, Diamond Princess ikawekwa karantini Yokohama na zaidi ya watu 700 wakapatikana na virusi vya korona. Marekani ikafunga safari Machi. Kampuni zenye meli za miaka 25 au 30, zinazokula mafuta na kulipa mabaharia bila abiria, hazikusubiri. Picha za Aliağa za mwaka ule, meli tano zimepangwa sambamba, nyeupe, zimekatwa pua, zilisambaa dunia nzima.

Kuhusu wafanyakazi nitasema machache, kwa kuwa najua wapo vijana wa Mbeya na Iringa wanaoulizia kazi hizo. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Tanzania imeuridhia, unaruhusu saa zisizozidi 14 za kazi kwa siku na 72 kwa wiki. Ndiyo, 72 ni kikomo cha kisheria. Si dhuluma ya mtu mmoja. Mkataba huo huo unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya unaweza kujilipia. Ukiombwa milioni ya "kuunganishwa", ujue unaliwa.

Turudi kwenye kifo, maana huko ndiko mambo yanakofichwa. Mwenye meli mara nyingi haiuzi moja kwa moja kwa mkataji. Katikati husimama kampuni inayonunua kwa fedha taslimu, inabadilisha jina la meli, inabadilisha bendera, kisha inaipeleka ufukweni. Wakati wa maisha yake meli ya kitalii hupeperusha Bahama, Panama, Malta au Bermuda. Katika safari ya mwisho wengi huchukua Palau, Saint Kitts na Nevis, hata Comoro ya jirani zetu. Bendera ya wiki chache. Ikitokea ajali wakati wa kukatwa, mwenye jina kubwa atakwambia, na karatasi zitamuunga mkono, kwamba hiyo meli haikuwa yake.

Kisa cha meli ya France kinaonyesha mchezo huu wote. Ilishushwa majini mwaka 1960 na mke wa Rais Charles de Gaulle, ikiwa fahari ya taifa, urefu wa meta 315. Ndege zikaimaliza, 1974 ikafungwa kamba. Mnunuzi wa Norway akaifufua mwishoni mwa miaka ya sabini, ikaitwa Norway, ikawa meli kubwa kabisa ya kitalii kwa miaka mingi. Mei 2003, ikiwa Miami, boila likalipuka na kuua wafanyakazi 8. Baada ya hapo ilikokotwa hadi Ujerumani, halafu ikapelekwa Malaysia. Bangladesh wakaikataa kwa sababu ya asbesto iliyojaa ndani yake. Agosti 2006 ikapanda ufukweni Alang, India, ikiwa na jina la tatu, Blue Lady. Wanaharakati wakaenda mahakamani, Mahakama ya Juu ya India ikaruhusu ikatwe mwaka 2007, na ikakatwa. Tangu mke wa rais hadi fundi wa gesi kwenye tope, hakuna hatua hata moja ambayo mwenye hasara alikuwa ni yule aliyekula faida.

Alang inafanya kazi kwa nguvu ya bahari yenyewe. Ghuba ya Khambhat ina maji yanayopanda na kushuka kwa tofauti kubwa kupita kiasi, meta 10 na zaidi. Meli husubiri bamvua, maji yakijaa kabisa huendeshwa kwa kasi kuelekea nchi kavu, na yakipwa inabaki imekaa juu ya tope kama ilivyo. Hapo inakatwa kuanzia omo. Kipande chenye uzito wa tani nyingi kinaanguka chini, winchi inakivuta, wengine wanakigawa vipande vidogo, malori yanapakia. Kando ya barabara ya kwenda Alang kuna maduka maili kwa maili: magodoro ya kabini, masinki, viti vya mgahawa, sahani zenye nembo ya kampuni ambayo haitaki nembo yake ionekane pale. Chuma kinakwenda viwandani kuviringishwa kuwa nondo.

Sitaki kuwa mnafiki. Kukata meli ni jambo jema kuliko kuizamisha, na sehemu kubwa mno ya uzito wake hurudi kazini. Sisi wenyewe tunajenga kwa nondo zinazotokana na chuma chakavu. Kijana anayezunguka na toroli mitaa ya Soweto na Ilemi jijini Mbeya akipima vyuma kwa kilo yumo katika biashara ile ile. Chuma cha Liganga, kule Ludewa, kimetajwa tangu tukiwa watoto na bado kimelala ardhini, kwa hiyo chakavu ndiyo migodi yetu. Ubaya uko kwenye mpangilio wa nani anavuta hewa gani. Pacific Princess, meli iliyopendwa Marekani nzima kwa sababu ya tamthilia moja ya televisheni, ilipofikishwa Aliağa mwaka 2013, wafanyakazi wawili walikufa kwa gesi ya sumu ndani yake. Gadani, Pakistani, Novemba 2016, meli ya mafuta ililipuka ikikatwa na kuua watu zaidi ya 20. Mkataba wa Hong Kong wa kudhibiti shughuli hizi ulipitishwa mwaka 2009. Umeanza kutumika Juni 2025. Miaka 16 ya kusubiriana.

Sasa tushuke Kyela.

Kiwanda kile cha Papenburg kinachotoa maghorofa ya kuelea ndicho kilichounda Graf von Götzen mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye maelfu ya makasha, ikaja Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ikashushwa Ziwa Tanganyika 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe wakiwa wamepaka injini grisi ili zisioze; Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Watu wa Kasanga mkoani Rukwa wameifahamu kizazi baada ya kizazi. Ndugu zake waliozaliwa kiwanda kimoja nayo miaka ya tisini baadhi wameshakuwa nondo, na yenyewe, hata baada ya kusimama miaka kadhaa ikingoja ukarabati, hakuna aliyethubutu kuikata.

Wapo wanaosimulia habari hiyo kama ushahidi wa ubora wa Kijerumani. Mimi naiona vingine. Liemba imedumu kwa kuwa hakuna mnunuzi wa pili anayeweza kuichukua, hakuna meli mpya iliyoletwa kuipokea, na maji baridi hayali chuma kwa kasi ya maji ya chumvi. Ilala ya wenzetu wa Malawi, iliyoundwa Scotland mwaka 1949, ni hadithi hiyo hiyo katika Ziwa Nyasa. Vyombo hivi hubadili bendera lakini havibadili maji. Hata Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyoshushwa Nyasa mwaka 1893, ilipopigwa na Waingereza pale Liuli Agosti 13, 1914 ikiwa juu ya chelezo, haikwenda popote: baadaye ikafanya kazi ziwani humo humo chini ya Waingereza, kwa jina la mfalme wao.

Jiografia ndiyo inayoamua. Ziwa Nyasa hutoka kwa mto Shire, na Shire ina maporomoko na mabwawa ya umeme kabla haujafika Zambezi. Hakuna chombo kikubwa kilichoingia Nyasa kikiwa kizima. Ilala ya kwanza, ya mwaka 1875, ilipitishwa kando ya maporomoko kwa vipande, vichwani mwa mamia ya wapagazi. Zilivyoingia ndivyo zitakavyotoka.

Na tumeongeza nyingine. MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ya tani 1,000 za mizigo, zimeundwa pale pale bandari ya Itungi, Kyela. MV Mbeya II, ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, ikazinduliwa Januari 2021. Nilifurahi na ninafurahi bado. Mama wa Lupingu au Manda anayepeleka bidhaa Kyela anajua tofauti kati ya meli na mtumbwi siku mwera unapovuma. Wanaokumbuka enzi za kungoja MV Songea na MV Iringa zitoke matengenezoni hawana haja ya kufundishwa thamani ya meli inayotembea.

Lakini ukichukua hesabu ya kampuni ya kitalii na kuiweka Itungi, inavunjika mara moja. Miaka 12 ikipita hakuna Mhispania wa kumuuzia. Mnunuzi pekee angekuwa Malawi au Msumbiji, na wao wana vyombo vyao vyenye shida zile zile. Roshani si hoja. Hakuna abiria wa Mbamba Bay atakayeikataa meli kwa sababu ya fasheni. Kwa hiyo chombo kitatumika hadi kichoke kweli, na uchovu wa kweli ndio wenye gharama kubwa: pampu zinazovuja, vipuri visivyotengenezwa tena, mafuta machafu yaliyokaa kwenye matangi. Mkataba wa Hong Kong hautatusaidia hapo, maana hauzihusu meli zilizo chini ya tani 500 za ujazo, wala zile ambazo maisha yake yote hufanya kazi ndani ya maji ya nchi yenye bendera. Kisheria, mwisho wa meli ya ndani ni wetu peke yetu.

Ndipo ninapotofautiana na wanaosema suala hili ni la miaka 40 ijayo na wajukuu watajua wenyewe. Mwandishi wa kitabu cha mkopo hasemi hivyo kuhusu riba. Meli ya kitalii inaweza kuahirisha kwa sababu kuna Aliağa. Yetu ikiachwa itakaa kandokando ya gati, iinamie upande mmoja, wavue nyaya usiku, mafuta yaingie maji ambamo watu wa Matema na Ikombe wanavua usipa na kuchota ya kunywa. Mchanga unaoletwa na mito tayari unaisumbua Itungi. Mzoga wa chuma pale mlangoni ungefunga kazi.

Kinachotakiwa hakihitaji mabilioni. Kila chombo kiwe na orodha ya vitu hatari vilivyomo, kuanzia rangi ya chini ya maji hadi gesi ya majokofu, iliyoandikwa wakati waliokiunda bado wapo na wanakumbuka waliweka nini wapi. Sehemu ndogo ya nauli na ya tozo ya mizigo iwekwe katika akaunti isiyoguswa na matengenezo ya kawaida. Na eneo la Itungi lililotumika kuundia meli lisiachwe liote majani baada ya sherehe. Chelezo kile kile kinachounda ndicho kinachoweza kukarabati, na siku ikifika kukata, juu ya sakafu ngumu yenye mfereji wa kunasa mafuta, chini ya mafundi wenye barakoa na kipima gesi. Chuma kitapanda malori kupitia Tukuyu kwenda kuyeyushwa. Wanunuzi hawatakosekana, wa Mwanjelwa peke yao watagombana.

Bunge likipitisha fedha za meli nyingine ya Nyasa, mbunge wa Kyela, wa Ludewa au wa jimbo la Nyasa anaweza kuuliza swali moja tu la nyongeza: fungu la kuiondoa limewekwa kifungu gani?